Bibi Shamba Aliyesema Anataka

Kwetu Nyololo, mkoani Iringa, mgeni akikaribishwa chakula husema ameshiba. Anaweza kuwa ametembea tangu alfajiri, midomo imepauka, lakini atakaa mlangoni na kusema, "Asanteni, nimeshiba, nilikuwa napita tu." Mwenye nyumba anajua si kweli. Atamsihi tena, atamletea maji ya kunawa bila kumwuliza, na mgeni atasogea kwenye chakula kama mtu aliyelazimishwa. Ndiyo adabu tuliyokulia. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, au hakulelewa na mama.

Kwa hiyo siku Bibi Shamba alipoegesha pikipiki ya serikali uani kwetu, koti la mvua likimchuruzika, na mama yangu akamwambia, "Karibu ugali, mama," hatukutegemea jibu tulilolisikia.

"Nimekaribia," alisema huku akivua koti. "Nina njaa kweli. Mboga gani?"

Mama alibaki na mwiko mkononi. Halafu akacheka mpaka akaegemea mlango. "Kabichi na maharage."

"Basi kabichi nyingi, maharage kidogo. Maharage yananivuruga tumbo na bado nina vijiji vya kupitia."

Mama alikisimulia kisa hicho kisimani na kanisani. Wengine walisema mwanamke huyo hana haya. Mama yangu alisema, "Ndiye mgeni pekee ambaye sikuchoka kumkaribisha."

Mimi wakati ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja matokeo ambayo, yalipokuja, hayakunipeleka popote. Tangu hapo nimehama mno. Nimechuma chai Mufindi, nimekuwa utingo wa malori ya Tunduma, nimebeba magunia ya mpunga Usangu, na sasa nashona viatu sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ingawa siwezi kuapa kwamba mwakani nitakuwa hapa. Nyumba zote nilizopanga nazikumbuka kwa uchungu mtamu, hata zile zilizovuja. Na kila nilipohamia, Bibi Shamba ama alikuwa amehamishiwa huko, ama alishapita na watu walikuwa bado wanabishana juu yake.

Jina lake lipo, na siku hizi limeandikwa kwenye mabango barabara nzima. Hapa sitalitumia. Alikuwa afisa wa kilimo, tukamwita Bibi Shamba, na jina hilo lilimtosha hata alipostaafu. Kabila lake sijalijua mpaka leo. Wahehe walimsikia akisalimu "kamwene" kwa sauti ya kwao kabisa, wakamhesabu wao. Wanyakyusa walimsikia akishukuru, "ndaga fijo," wakaapa kwamba baba yake anatoka Tukuyu. Nilimwuliza mara moja tu.

"Kwani unataka kunioa?" alinijibu. "Maana wanaouliza hivyo huwa wanapeleka posa."

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye hatua za mtu anayepima kiwanja. Alijivunia gambuti zake kuliko kitu chochote. Alizipaka mafuta ya kupikia zikang'aa, na ungemkuta ukingoni mwa shamba lenye matope akizitazama kwa huruma kabla ya kuingia. Jumapili aliimba katika kwaya ya Walutheri kwa sauti ya bawaba iliyokosa mafuta. Mwalimu wa kwaya, kijana mpole, alijaribu kumpa kazi ya kugawa vitabu vya nyimbo. "Vizuri," alisema, "nitagawa na nitaimba." Wakamwacha.

Msidhani nasimulia habari za mtakatifu. Alitufundisha viazi nusu ya maisha yake na yeye mwenyewe hakuvila. Alisema vinanuka udongo. Alituambia mahindi hayasubiri saa ya mtu, naye akafika saa tano kwenye mkutano wa saa tatu, kwa sababu kila shamba la njiani lilimsimamisha. Ukimdanganya kwamba umepanda mapema na umechelewa, alikununia msimu mzima na hata salamu yako aliijibu akitazama pembeni. Na aliogopa ng'ombe. Hiyo ndiyo iliyowafurahisha watu kuliko yote.

Hilo la ng'ombe nililiona Usangu kwa macho yangu. Wakulima wa mpunga na wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni walikuwa wamegombana juu ya njia ya mifugo kwenda mtoni. Wakulima walisema njia ni pana, wafugaji wanaingiza ng'ombe mashambani kwa makusudi. Wafugaji walisema njia ni nyembamba kama mkanda. Mikutano ilikuwa imefanyika, watu wameapa, fimbo zimeinuliwa. Bibi Shamba alipopewa kesi hiyo hakuitisha mkutano. Aliwaambia wabadilishane kazi kwa asubuhi moja: wakulima waswage ng'ombe hadi mtoni, wafugaji wasimame kwenye kingo za majaruba wakilinda mpunga.

"Na wewe, mama, utaswaga?" mzee mmoja wa Kisukuma alimwuliza. Alikuwa amevaa kofia ya sufu na macho yake yalicheka kabla ya mdomo.

"Mimi nitakuwa juu ya trekta."

"Huyu hapa hana hata pembe, mama. Njoo umguse, ni kama mbuzi mkubwa."

"Mpe salamu zangu," alisema Bibi Shamba, akapanda trekta.

Wakulima waliswaga. Kabla ya nusu ya njia ng'ombe walikuwa wameshatawanyika kwenye mpunga, na mkulima aliyepiga kelele kuliko wote mikutanoni alikuwa anakimbia huku na huku akiwatukana kwa Kisangu, lugha ambayo ng'ombe wale hawakuijua. Wafugaji walicheka mpaka walipogundua kwamba wao ndio walinzi wa mpunga siku hiyo, nao umekanyagwa mikononi mwao. Mchana ule ule watu wa pande zote mbili walichimbia nguzo mpya, na njia ikapanuliwa. Mzee yule akamwambia Bibi Shamba, "Mama, wewe ni mwoga mwenye akili." Aliipenda sana sifa hiyo.

Lakini jambo alilolishika kuliko mpunga na viazi lilikuwa lile la "Mboga gani?" Hakupenda mtu azunguke mbuyu anapotaka kitu. Nilikuwa Mufindi bado nachuma chai wapimaji wa serikali walipokuja kupima mashamba ya kijiji ili watu wapewe hati. Katika mkutano, mwenyekiti alimwita kila mume, kisha akamwuliza mke kama naye anataka jina lake liandikwe. Wanawake wakajibu mmoja baada ya mwingine, "Nitafuata anavyosema mzee." Wazee wakaitikia kwa kichwa, karani akaendelea. Bibi Shamba alikuwa mgeni tu, amekaa nyuma. Akasimama.

"Mwenyekiti, naomba uulize swali lako tena, ila wazee wasijibu kwa shingo."

Watu wakacheka. Akamgeukia Mama Tumaini, mwanamke mnyamavu aliyekuwa na shamba karibu na mto.

"Mama Tumaini, lile shamba la mtoni nani anayelima?"

"Mimi."

"Nani anayepalilia?"

"Mimi."

"Unalitaka?"

Mama Tumaini aliangalia mikono yake. "Mzee ndiye..."

"Mzee sijamwuliza. Nitamwuliza baadaye, ana mdomo wake."

"Nalitaka," Mama Tumaini alisema chini chini.

"Watu wa nyuma hawajasikia."

"Nalitaka!"

Tulimtazama mumewe, tukitegemea ngurumo. Yeye alikuwa amepanua macho kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika nyumba aliyoishi miaka yote. "Si ungesema?" alimwambia mkewe. "Mimi nilidhani unaliona mzigo."

Si waume wote walikuwa kama huyo. Mwanamke mwingine aliyesema "nalitaka" siku ile alirudishwa kwao na wakwe zake, na Bibi Shamba alipanda pikipiki kwenda kukaa na wakwe hao, akarudi tena, akarudi tena, akila ugali wao bila kusihiwa, mpaka wakachoka naye wakamrudisha binti wa watu na jina lake likaandikwa. Kusema unataka kuna gharama, naye hakuficha. Alisema tu kwamba kunyamaza kuna gharama kubwa zaidi, ila hiyo hulipwa kidogo kidogo, mtu haioni.

Alipostaafu alifungua kibanda cha mbegu Mwanjelwa, mkabala na benchi langu la viatu. Huko ndiko alikoingia katika siasa, na mimi nikamfuata kama ninavyofuata vitu vingi, kwa kupenda safari. Chama chetu ni kidogo lakini kina kelele. Mgombea wetu wa urais ni daktari kutoka Unguja, mtu wa umri wangu, anayesema mambo ambayo vyama vikubwa huyaona ya kitoto: mgonjwa atibiwe kwanza, mwanafunzi ale mchana shuleni, na hati ya shamba iwe na majina mawili, la mume na la mke. Sheria ya nchi inajulikana. Mgombea urais akitoka upande mmoja wa Muungano, mgombea mwenza lazima atoke upande wa pili. Kwa hiyo daktari alihitaji mtu wa Bara, na chama kikaamua atafutwe huku kwetu, Mbeya na Iringa.

Hapo ndipo adabu ya ugali ilipoingia kwenye siasa. Nchini kwetu anayetaka cheo hasemi anakitaka. Husema wazee wamemwomba. Husema alikuwa ametulia zake nyumbani, hana habari, wazee wakaja na makoti yao, wakamsihi, naye akaona si vema kuwakatalia. Ndivyo alivyosema mkandarasi mmoja wa Mbeya, mtu mchangamfu mwenye magari ya kokoto. Ndivyo alivyosema mhadhiri mmoja wa Iringa, mtu mwema ninayemheshimu. Kila mmoja alipigwa picha akiombwa. Mzee mmoja wa Uyole alionekana katika picha zote mbili, na koti lile lile. Alipoulizwa alijibu, "Kote nimekaribishwa soda."

Nilikwenda kibandani kwa Bibi Shamba na wazo langu. Mama Anganile, anayeuza nyanya pembeni yake, alikuwepo.

"Mama, na wewe tukutafutie wazee," nilimwambia. "Mimi nawajua kadhaa."

"Wazee wa nini?"

"Wa kukuomba."

"Mimi mwenyewe ni mzee. Nimeshajiomba na nimeshajikubalia."

Mama Anganile alipiga makofi. "Mwe! Dada, ukisema hivyo mbele ya jopo la chama watasema una uchu wa madaraka."

"Ninao."

"Basi usiuonyeshe! Mbona sisi wengine tunao na tumeutunza vizuri?"

Walicheka wote wawili, lakini Mama Anganile aliporudi kwenye nyanya zake, Bibi Shamba alianza kuchezea kifuko cha mbegu za karoti. Kisha akaniambia, "Miaka yote nimepeleka mapendekezo juu, wakubwa wakasema wataangalia. Nataka kukaa upande ule unaoangalia. Kuna ubaya gani?"

Jopo la watu watatu kutoka makao makuu liliwasikiliza watarajiwa mbele yetu wajumbe, katika ukumbi mmoja hapa Mbeya. Mkandarasi alieleza alivyosihiwa. Mhadhiri alieleza alivyosita. Kisha akaitwa Bibi Shamba, gambuti zimeng'aa, sweta la bluu limefungwa hadi shingoni. Mwenyekiti wa jopo, mzee wa sauti nzito, akamwuliza, "Mama, imekuwaje ukaingia katika kinyang'anyiro hiki?"

"Naitaka hii nafasi."

Mwenyekiti alimsaidia kama mtu anavyomshika mkono kipofu. "Nadhani mama hajalielewa swali. Yaani, ni nani waliokushawishi?"

"Nimelielewa. Hakuna aliyenishawishi. Nimekaa, nimefikiri, nikaona naiweza na naitaka."

Kelele zilizofuata sijazisahau. Mjumbe mmoja wa Iringa alisema huyu akishika umakamu wa rais atautaka na urais. Mwingine alisema mwanamke wa umri ule angepaswa kuwa na haya. Hata wanawake walivuta kanga zao mdomoni. Jopo liliandika kitu, wakaangaliana, wakamshukuru.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Sokoni walimtania. Watu walipita kibandani wakiita, "Bibi Naitaka, shikamoo!" naye akaitikia marahaba, lakini hakuongeza utani kama kawaida yake. Ilivuma kwamba jina lake litakatwa na watabaki wawili. Siku moja nilimkuta amefunga kibanda mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona, amekaa nyuma yake juu ya gunia.

"Wakinikata nitauza mbegu," alisema kabla sijamsalimu. "Hilo silihofii. Ninachohofia ni wale wanawake. Wapo waliosimama mbele ya waume na wakwe wakasema nataka, kwa sababu mimi niliwaambia waseme. Sasa mimi nakatwa kwa neno hilo hilo. Watajifunza nini?"

Nilimwambia gambuti yake imepasuka soli, anipe niishone. Akanipa.

Jina lake halikukatwa, lakini si kwa upendo wa jopo. Daktari mwenyewe aliposikia kwamba huku kuna mama aliyesema anataka, aliomba asikatwe mtu, atakuja kuwasikia wote watatu mbele ya wajumbe, kisha wajumbe wapige kura kwa kunyoosha mikono. Tukaitwa Iringa. Tulipanda basi kutoka Mbeya, wajumbe wa mkandarasi wakiimba njia nzima, sisi wa Bibi Shamba tukiwa wachache na yeye mwenyewe mbele kabisa, akimwonyesha dereva mashamba yaliyopandwa vibaya.

Ukumbi ulikuwa kilimani na upepo wa Iringa uliingia kila mlango ulipofunguliwa. Daktari hakuvalishwa maua. Alikaa kwenye kiti cha kawaida, kofia yake ya Kizanzibari kichwani, akasema hana hotuba.

"Mie nina swali moja tu," alisema, "na wote nitawauliza lilo hilo. Mwenza ndiye anayebaki. Jee, tukishinda, nami nikafa, utafanya nini?"

Nataka msomaji aelewe ugumu wa swali hilo kwetu. Huwezi kumzungumzia mtu kifo chake akiwa amekaa mbele yako, tena mgeni, tena kiongozi. Ni uchuro. Mkandarasi aliruka kabisa. "Mungu apishe mbali, mheshimiwa! Usiseme hivyo! Wewe utaishi, utatuzika sisi!" Ukumbi ukamwitikia, "Amina!" Daktari alimshukuru. Mhadhiri alifikiri zaidi, kisha akasema kwa upole kwamba jambo hilo kwa uwezo wa Mungu halitatokea, na kama likitokea yeye atasubiri maelekezo ya chama. Tukaitikia amina tena, na mimi pia niliitikia, sikujiweza.

Bibi Shamba alisimama. Niliona mkono wake umeshika mgongo wa kiti kwa nguvu.

"Kwanza nitalia," alisema, "maana nimeanza kukupenda. Kisha nitahakikisha unazikwa kwenu kwa taratibu za dini yako. Kisha nitaapa. Kesho yake nitawaita mawaziri niwaulize hati za majina mawili zimefika wapi. Ulipofanya vizuri nitaendeleza. Ulipokosea nitarekebisha, na nitawaambia wananchi kwamba ulikosea."

Hakuna aliyesema amina. Mwanamke jirani yangu alinong'ona, "Yesu wangu, ameshamzika."

Daktari aliinama mbele. "Nimekosea wapi, mama?"

"Bado hujaanza. Lakini utakosea."

Alicheka. Alianza taratibu, mabega yakatikisika, akavua kofia akajifuta macho, na ukumbi ulipoona anacheka ukapumua. Akasimama.

"Nawashukuru wote mlioniombea uhai," alisema. "Dua zenu nazihitaji. Lakini mie sitafuti wa kunililia. Natafuta atakayeamka kesho yake. Walisema bibi huyu ana uchu. Basi jamani, mzigo huu mumpe asiyeutaka kwa nini? Auache njiani? Mie namtaka yeye. Sasa semeni nyinyi."

Mwenyekiti wa jopo aliwaomba wanaomkubali wanyooshe mikono. Kwa sekunde chache haikunyooka mingi; kila mtu alikuwa akimwangalia jirani yake, tukitaka kuombwa. Halafu kutoka safu za Mufindi alisimama mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa Mama Tumaini, naye ni mjumbe wa kijiji chake siku hizi. Hakunyoosha mkono mmoja. Alinyoosha yote miwili.

"Mkono mmoja, mama," mwenyekiti alisema.

"Nihesabu mmoja," alijibu, "lakini sishushi."

Mikono ikaja kama mvua inavyokuja kutoka mlimani: unaisikia kwa mbali, halafu imekufikia. Iringa walinyoosha, Mbeya walinyoosha, safu nzima ya mkandarasi ikagawanyika mbele ya macho yake. Vigelegele vilianzia dirishani vikazunguka ukumbi. Upande mmoja waliimba Kihehe, upande mwingine Kinyakyusa, nyimbo mbili tofauti zisizolingana hata kidogo, na juu ya zote niliisikia sauti ya Bibi Shamba ikiimba na wote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetamani anyamaze.

Mkandarasi alikuwa wa kwanza kwenda kumpa mkono. Nilikuwa karibu nikamsikia. "Hongera, mama. Ila nikwambie ukweli, hata mimi nilikuwa naitaka sana."

"Ungesema, mwanangu."

"Ningeanzaje?"

Bibi Shamba alimpiga begani, wakacheka, na leo magari yake ya kokoto ndiyo yanayobeba spika zetu.

Kampeni zinaendelea ninapoandika haya, na sijui nchi itaamua nini. Lakini nilimwona tena juzi, na hapo ndipo nitakapoishia. Msafara wake ulipita Mbeya, na kabla ya mkutano wa hadhara alikuja Mwanjelwa kwenye tawi letu, kukabidhi uenyekiti wa tawi aliokuwa nao. Tulikuwa watu wachache katika chumba cha nyuma ya duka la vitenge. Amekonda. Sauti imekauka kwa hotuba. Nilimsalimu akaniuliza kama bado sijahama, nikamwambia bado, akasema basi kuna matumaini.

Katibu wa tawi aliuliza, kama ilivyo desturi, "Haya, ndugu wajumbe, nani tumwombe atushikie nafasi hii?"

Wote tukatazama sakafu. Ndivyo inavyofanyika. Tulijua pia ataombwa nani: Mama Anganile, atakataa, ataombwa tena, atasema nyanya zake zitaoza, kisha atakubali. Alikuwa ameshaanza kujitanda kanga kwa aibu.

"Msiniombe mimi," sauti ilisema kutoka mlangoni. Ilikuwa ya Rehema, msichana anayeuza mitumba, hajafika hata miaka thelathini. Alikuwa amesimama. "Hakuna haja ya kuniomba. Naitaka."

Kanga ya Mama Anganile ilisimama hewani. Akamtazama msichana, akamtazama Bibi Shamba, akaishusha kanga na kuifunga kiunoni kwa nguvu kama mtu anayekwenda kutwanga.

"Subiri wewe mtoto," alisema akiinuka. "Hata mimi naitaka. Na nimeitaka kabla hujazaliwa!"

"Mbona hukusema, mama?"

"Nasema sasa! Una masikio?"

Chumba kililipuka kwa vicheko. Rehema alisema atafungua ofisi kila siku. Mama Anganile alisema yeye anawajua wanachama wote kwa majina na kwa madeni ya nyanya. Watu wakaanza kugawanyika pande mbili, kila upande ukipiga kelele, na katibu alikuwa anagonga meza bila mtu kumsikia. Nje, gari la mgombea mwenza lilipiga honi, likapiga tena. Dereva alichungulia akaonyesha saa yake. Bibi Shamba alimpungia mkono asubiri, akavuta kiti chake mbele ili awaone vizuri, na kwa ile sauti iliyokauka akasema, "Haya. Hoja moja moja. Aanze mdogo."